Bei kivuli: Bei isiyoandikwa ubaoni ndiyo inayoamua faida ya mzigo

KATIKA soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, kila mfanyabiashara anaijua bei ya dagaa ya asubuhi hiyo. Anaijua pia bei ya kayabo, nauli ya lori na ushuru. Habari hizo huzipata kwa madalali, kwa wapakiaji na kwa simu kutoka mialo ya visiwani. Hata hivyo, ipo bei nyingine ambayo dalali haitangazi wala risiti haiionyeshi, nayo ndiyo inayoamua kama safari italeta faida au itakula mtaji. Ni bei ya nafasi moja zaidi: tani moja zaidi ndani ya lori, milioni moja zaidi mkononi, saa moja pungufu kwenye foleni.

Wataalamu wa hesabu huiita bei kivuli. Elimu yake ni tawi la hesabu linaloshughulika na kutafuta faida ya juu kabisa pale ambapo vitu vina mpaka. Kiini chake ni kwamba kila hesabu ya faida ina hesabu pacha. Ya kwanza inauliza: kwa lori hili na mtaji huu, upakiwe mzigo gani? Pacha wake anauliza: lori hili na mtaji huu vina thamani gani? Majibu ya hesabu hizo mbili hukutana kwenye shilingi ileile.

Kwa mfanyabiashara mdogo jambo hili lina uzito. Wengi hufilisika wakiwa na bidhaa nzuri, kwa sababu walilipa sana kwa kitu ambacho hakikuwa kinawabana, au walikataa kulipa kidogo kwa kile kilichokuwa kinawabana kweli.

MFANO WA LORI MOJA

Chukulia mfanyabiashara mwenye lori la tani 10, ambalo nauli yake imeshalipwa, na mtaji wa shilingi milioni 48. Anaweza kununua dagaa kwa milioni 3 kwa tani, au kayabo kwa milioni 6 kwa tani. Akiondoa gharama zote za njiani, dagaa humwachia faida ya 500,000 kwa tani na kayabo 800,000. Takwimu hizi ni za mfano tu, lakini hesabu yake ni ya kweli.

Akijaza dagaa peke yake, tani 10 zitampa faida ya milioni 5, na milioni 18 za mtaji zitalala bila kazi. Akinunua kayabo peke yake, fedha zitakwisha akiwa na tani 8. Faida itakuwa milioni 6.4, na lori litaondoka na nafasi ya tani mbili tupu. Mpango bora ni kuchanganya: tani 4 za dagaa na tani 6 za kayabo. Lori linajaa, fedha zinakwisha zote, na faida inafika milioni 6.8.

Sasa pacha wake. Chukulia kuna mtu anataka kulikodi lori lote pamoja na kuutumia mtaji wote kwa safari hiyo moja. Atoe bei gani kwa kila tani ya nafasi, na bei gani kwa kila milioni ya mtaji, ili mwenye mali asione hasara kuacha biashara yake? Kila tani ya dagaa inakula tani moja ya nafasi na milioni tatu za mtaji, kwa hiyo malipo ya vitu hivyo yasipungue 500,000. Tani ya kayabo inakula tani moja ya nafasi na milioni sita, kwa hiyo malipo yasipungue 800,000.

Bei ndogo kabisa zinazotimiza masharti hayo ni 200,000 kwa tani ya nafasi na 100,000 kwa kila milioni ya mtaji. Dagaa: 200,000 kujumlisha 300,000 ni 500,000. Kayabo: 200,000 kujumlisha 600,000 ni 800,000. Malipo ya jumla ni milioni 2 kwa lori na milioni 4.8 kwa mtaji, yaani milioni 6.8. Ni faida ileile.

Kukutana huko si bahati. Bei zozote zitakazomridhisha mwenye mali haziwezi kutoa jumla iliyo chini ya faida anayoweza kuipata mwenyewe. Mathalani, mkodishaji akitoa 300,000 kwa tani na 100,000 kwa milioni, jumla inakuwa milioni 7.8. Hesabu hiyo peke yake inatosha kumwambia mwenye lori kwamba ndoto ya kupata milioni 9 katika safari hiyo ni ndoto tu, hata kabla hajajaribu mpango wowote wa upakiaji. Pacha ni dari la faida, na dari likishushwa mpaka mwisho linakaa juu ya kichwa cha faida yenyewe.

MZIGO WA TATU

Faida ya kuzijua bei hizo mbili huonekana pale jirani anapopendekeza bidhaa mpya. Chukulia ni mchele, unaonunuliwa kwa milioni 2 kwa tani na kuacha faida ya 350,000. Faida ipo, na wengi wangepakia. Lakini tani hiyo ya mchele itakula nafasi yenye thamani ya 200,000 na mtaji wenye thamani ya 200,000, jumla 400,000. Kupakia mchele ni kubadilisha 400,000 kwa 350,000. Faida yake ingekuwa 450,000, hapo mchele ungestahili nafasi.

Vivyo hivyo kwa mikopo. Anayekopesha milioni moja kwa gharama ya 80,000 kwa safari anafaa kusikilizwa. Anayetaka 120,000 aachwe aende, hata akiwa rafiki. Mwenye lori jingine anayeuza nafasi ya tani moja kwa 150,000 anastahili kukubaliwa, na anayetaka 250,000 hapana.

Mtu wa kwanza kuandika hesabu za namna hii kwa ajili ya kazi halisi alikuwa Leonid Kantorovich, mwanahisabati wa Leningrad, mwaka 1939. Kiwanda cha mbao za plaiwudi kilimuuliza namna ya kuzigawia mashine zake kazi. Alipopata mgawanyo bora, aligundua kwamba kila mashine na kila aina ya mbao ilibeba thamani yake iliyojificha. Huko Marekani, George Dantzig alibuni mwaka 1947 njia ya kuzipiga hesabu hizo hatua kwa hatua, na John von Neumann akamweleza mwaka huohuo kwamba kila moja ina pacha. Tjalling Koopmans alifika hapohapo kupitia meli za mizigo za wakati wa Vita Kuu ya Pili, akitafuta thamani ya meli inayorudi tupu kutoka bandari moja hadi nyingine. Kantorovich na Koopmans walipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1975.

KISICHOBANA HAKINA BEI

Kanuni ya kwanza ambayo mfanyabiashara anapaswa kuikariri ni kwamba kitu kisichobana hakina bei kivuli. Mwenye nafasi tupu ndani ya lori hapaswi kulipa hata senti kwa nafasi zaidi. Jambo gumu ni kwamba kinachobana hubadilika, na mara nyingi hubadilika ghafla.

Biashara ya dagaa inaonyesha hilo kila mwezi. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, wakati wa giza. Giza likiingia, mitumbwi, taa, mafuta na chanja za kuanikia vyote hubana. Mbalamwezi ikiwaka, dagaa hawafuati taa, mitumbwi hutia nanga na bei kivuli ya taa hushuka hadi sifuri. Mvua za masika zikinyesha kinachobana si uvuvi tena, ni jua. Dagaa wanaoanikwa mchangani wakinyeshewa hupoteza thamani, na mwenye chanja ya kuinua dagaa kutoka ardhini na turubai la kufunikia ndiye anayekusanya tofauti.

Sangara nao walitoa somo lao kwa gharama kubwa. Katika miaka ya 1990 viwanda vya minofu vilivyojengwa Mwanza na kwingineko kando ya ziwa vilitegemea soko la Ulaya, na kilichobana kilikuwa samaki, barafu na vyumba vya ubaridi. Umoja wa Ulaya uliweka vizuizi mara kadhaa kati ya 1997 na 1999 kwa sababu za usafi, kipindupindu na mwishowe taarifa za uvuvi wa sumu. Soko lilipofungwa mwaka 1999, samaki na barafu havikuwa tena kitu adimu, na bei mialoni ikaporomoka. Bei yote iliyokuwa imekaa juu ya samaki ilihamia juu ya kitu kimoja: cheti cha kuthibitisha kwamba minofu ni salama. Waliokuwa wamewekeza kwenye maabara na usafi wa mialo walikuwa na mali ambayo mwaka mmoja kabla ilionekana kama gharama ya bure.

Mfano wa karibuni zaidi ni Kigongo na Busisi. Kwa miaka mingi magari kati ya Misungwi na Sengerema, na yale ya kwenda na kutoka Geita, yalivuka kwa kivuko. Safari ya kuvuka pamoja na kusubiri iliweza kula saa mbili au zaidi. Kwa mwenye samaki wabichi saa mbili ni barafu, na barafu ni fedha. Juni 19, 2025 daraja lenye urefu wa kilomita tatu, lililopewa jina la J. P. Magufuli, lilifunguliwa, na kuvuka sasa ni suala la dakika chache.

Bei kivuli ya nafasi kwenye foleni ya kivuko imekufa. Aliyekuwa akipata faida kwa sababu mzigo wake ulivuka mapema kuliko wa wenzake ameipoteza faida hiyo. Lakini bei haikutoweka. Imehamia kwenye kizuizi kinachofuata, kiwe ni magari ya ubaridi, nafasi ya kupakulia sokoni, au mtaji wa kununua mzigo kwa kasi ambayo sasa barabara inaruhusu. Anayewekeza leo mahali palipobana jana ananunua kivuli cha mti uliokwishakatwa.

DOLA YA MAGENDO

Wafanyabiashara wa umri mkubwa waliwahi kuiona bei kivuli kwa macho, ingawa hawakuiita hivyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 dola ilikuwa na bei ya serikali, na nyingine ya chini ya meza iliyokuwa kubwa mara kadhaa. Bei ya serikali iliandikwa benki, lakini kwa bei hiyo dola hazikutosha kila aliyezihitaji. Bei ya magendo ndiyo iliyoonyesha thamani ya dola moja zaidi kwa mtu mwenye kuhitaji vipuri, mafuta au nyavu.

Mwaka 1986 dola ilipandishwa kutoka takriban shilingi 17 hadi 40. Sheria ya mwaka 1992 iliruhusu maduka ya kubadili fedha, na kuanzia 1993 Benki Kuu ikaanza kuuza fedha za kigeni kwa mnada. Bei hizo mbili zilisogeleana hatua kwa hatua hadi ya chini ya meza ikakosa kazi. Bei ya magendo ya kitu chochote, iwe ni tiketi ya meli au kibali, ni ishara kwamba bei rasmi imewekwa chini ya bei kivuli.

BEI INAPOFIKA KONANI

Hapa ndipo hesabu inapoanza kuwa ngumu, na ndipo wengi hupotea. Rudi kwa lori la tani 10. Mtaji ukiwa chini ya milioni 30, hautoshi kulijaza lori hata kwa dagaa, na kila milioni inayoongezwa huleta karibu 167,000. Kati ya milioni 30 na milioni 60, kila milioni huleta 100,000, kwa kuwa kazi yake ni kubadilisha dagaa kwa kayabo. Mtaji ukifika milioni 60 lori limejaa kayabo tupu, na milioni ya 61 haileti kitu.

Ukichora faida dhidi ya mtaji, mstari unapanda kwa ukali, unalegea, kisha unalala. Hauna mkunjo laini. Una kona mbili, kwenye 30 na kwenye 60.

Swali ni hili: mtu mwenye milioni 60 kamili, bei kivuli ya mtaji wake ni ipi? Akipunguza milioni moja atapoteza 100,000. Akiongeza moja hapati chochote. Jibu la hesabu ni kwamba bei yoyote kuanzia sifuri hadi 100,000 ni sahihi. Mteremko huo wa konani, ambao si mmoja bali ni kundi zima la miteremko, wataalamu huuita sabgradienti.

Kwa mfanyabiashara maana yake ni nyepesi. Akiwa konani, bei ya kununulia na bei ya kuuzia kitu kilekile hutofautiana bila yeye kuwa mjanja wala mwizi. Mwenye milioni 60 asikubali kumkopesha jirani milioni moja chini ya 100,000, na wakati huohuo asikubali kukopa milioni moja hata kwa 10,000. Wawili wakibishana sokoni kuhusu thamani ya mtaji, yawezekana wote wako sahihi: mmoja anatazama upande wa kushoto wa kona na mwingine wa kulia.

MNADA WA NAFASI MELINI

Mfano wa lori ni rahisi kwa sababu mwenye lori ndiye mwenye daftari. Melini hali ni tofauti. Meli inayokwenda Bukoba hubeba mizigo ya watu wengi, na ikirudi Mwanza huja na ndizi, kahawa na mengineyo. Mwenye meli haijui faida ya kila mteja, na hakuna mteja atakayemwonyesha. Atapataje bei kivuli ya nafasi?

Jibu lilipatikana mjini Kiev mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakati Naum Shor alipokuwa akishughulikia hesabu kubwa za usafirishaji. Taja bei, sikiliza oda, sahihisha. Oda zikizidi nafasi, pandisha bei, zikipungua, shusha. Kiasi cha kuzidi au kupungua chenyewe ndiyo sabgradienti: kinaonyesha upande wa kwenda. Aidha, kila hatua iwe ndogo kuliko iliyotangulia.

Chukulia meli yenye nafasi ya tani 200. Bei ya kwanza ni 20,000 kwa tani na oda zinafika tani 300. Zimezidi tani 100. Kwa hatua ya shilingi 120 kwa kila tani iliyozidi, bei inapanda 12,000 na kuwa 32,000. Oda zinashuka hadi 170, pungufu ya tani 30. Hatua sasa ni nusu, shilingi 60, na bei inashuka 1,800 hadi 30,200. Oda zinapanda hadi 215. Hatua ya tatu ni theluthi, shilingi 40; bei inapanda 600 hadi 30,800. Oda bado ni 215. Hatua ya nne ni robo, shilingi 30. Bei inakuwa 31,250. Oda zinarudi 170.

Kwa nini oda zinaruka kati ya 215 na 170 bila kusimama kwenye 200? Kwa sababu yupo mteja mmoja mwenye tani 45 ambaye kwake safari inalipa hadi 31,000 tu kwa tani. Chini ya bei hiyo analeta mzigo wote; juu yake anauacha wote. Bei inayotafutwa ni 31,000, nayo imekaa konani kabisa. Mwenye meli anayefuata kanuni ataizunguka bei hiyo kwa duara zinazozidi kuwa ndogo.

Mambo matatu yanafaa kushikwa hapo. Kwanza, si kila hatua huboresha hali; kupitiliza ni sehemu ya njia, na anayekata tamaa baada ya siku moja mbaya hatafika. Pili, hatua zipungue lakini zisikauke mapema. Mtindo wa moja, nusu, theluthi, robo unafaa kwa sababu hatua hizo, zikijumlishwa bila kukoma, zinaweza kufika umbali wowote. Anayepunguza haraka mno atasimama njiani kwenye bei isiyo sahihi. Tatu, bei peke yake haimalizi kazi. Kwa 31,000 mteja wa tani 45 haoni tofauti ya kupakia au kuacha, kwa hiyo mwenye meli lazima ampigie simu na kumwambia: nafasi iliyobaki ni ya tani 30.

LORI LA PILI

Bei kivuli ina udhaifu wake, na usipojulikana huleta hasara. Ni bei ya hatua ndogo. Haikutengenezwa kwa ajili ya kuruka.

Mfanyabiashara wa milioni 48 ameshajua kwamba tani moja ya nafasi ina thamani ya 200,000. Anapewa lori la pili la tani 10 kwa nauli ya milioni 1.5. Anapiga hesabu: tani 10 mara 200,000 ni milioni 2, nauli ni milioni 1.5, amebakiwa na nusu milioni. Anakubali.

Hesabu hiyo si sahihi. Kadiri nafasi inavyoongezeka, anahama kutoka kayabo kwenda dagaa, na nafasi ikifika tani 16 mtaji wake wote umekwisha kwenye dagaa. Faida hapo ni milioni 8, yaani nyongeza ya milioni 1.2. Tani nne zilizobaki za lori la pili zitasafiri tupu. Amelipa milioni 1.5 ili apate milioni 1.2, hasara ya 300,000. Kama angeweza kukodi tani sita tu kwa 150,000 kila moja, angelipa 900,000 na kubaki na faida ya 300,000. Lakini lori halikatwi vipande.

Vitu visivyokatika vipande, kama lori, meli, chumba cha ubaridi au mashine ya barafu, huacha pengo kati ya hesabu ya faida na pacha wake. Dari halishuki tena mpaka kichwani. Dawa yake ni kuipiga upya hesabu nzima, pamoja na kile kinachotaka kununuliwa, badala ya kuzidisha bei ya tani moja.

VIZUIZI VISIVYOUZWA

Mei 21, 1996 meli ya MV Bukoba, iliyokuwa na uwezo wa abiria 430, ilizama karibu na Mwanza na kuua mamia ya watu. Septemba 20, 2018 kivuko cha MV Nyerere chenye uwezo wa watu 101 kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, siku ya soko, na zaidi ya watu 200 wakapoteza maisha. Vyombo vyote viwili vilikuwa vimebeba watu kupita kiasi.

Hesabu inasema wazi hatari inakotoka. Nauli ikiwa imepangwa na watu ni wengi kuliko nafasi, thamani ya nafasi moja zaidi inapita nauli, na kila aliye bandarini anasukumwa kuivuka alama ya ujazo. Kinachomzuia ni hofu ya adhabu. Chukulia mzigo wa ziada unaingiza 400,000, faini ni 1,000,000, na wanaokamatwa ni mmoja kati ya wanne. Kwa mkosaji, faini hiyo ina thamani ya 250,000 tu. Sheria imegeuka kuwa nauli ya bei nafuu. Ili faini ifanye kazi lazima ivuke 1,600,000, au ukaguzi uwe wa kila safari. Kwa roho za watu, njia ya pili ndiyo pekee inayokubalika: alama ya ujazo isiwe na bei kabisa.

Hivyo hivyo kwa sangara walio chini ya sentimita 50, ambao sheria inakataza kuvuliwa. Samaki mdogo anayeachwa majini ana thamani kubwa, kwa kuwa kesho atakuwa na kilo nyingi na atakuwa amezaa. Lakini ziwa lenye kilomita za mraba takriban 68,800, ambalo asilimia 51 ni ya Tanzania, 43 ya Uganda na 6 ya Kenya, halina daftari moja. Kila mvuvi anaiona bei ya samaki aliyeachwa kuwa sifuri, maana akimwacha yeye, atamvua mwenzake. Hiyo ndiyo bei kivuli kubwa kuliko zote kando ya ziwa, na ndiyo isiyolipwa na mtu yeyote. Wenye hisa, mikopo na mashine katika biashara ya minofu wanapaswa kuiweka kwenye hesabu zao kabla ya kuweka shilingi nyingine.

YA KUFANYA KABLA YA KUPAKIA

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa mwenye daftari, hesabu ya bei kivuli haihitaji kompyuta. Inatosha kuandika maswali machache kabla ya kila safari.

* Ni kitu gani kimoja kitakachokwisha kwanza: nafasi, mtaji, barafu, au siku? Hicho ndicho chenye bei. Visivyokwisha visilipiwe nyongeza.

* Kikiongezeka kidogo, faida inaongezeka kiasi gani? Kikipungua kidogo, inapungua kiasi gani? Majibu yakitofautiana, mfanyabiashara yuko konani, na asinunue kwa bei ambayo angeuzia.

* Bidhaa mpya inakula kiasi gani cha vitu vinavyobana? Ilipie kwanza vitu hivyo ndipo ihesabiwe faida.

* Kinachonunuliwa kinakatika vipande? Kama hakikatiki, hesabu yote ipigwe upya kikiwa ndani.

* Je, barabara mpya, daraja, sheria au mwezi mchanga vimehamisha kizuizi? Kwa wanaofanya biashara kati ya Mwanza, Sengerema na Geita, swali hili limekuwa la lazima tangu Juni 2025, na bei za zamani za nafasi na muda hazifai kutumiwa bila kupimwa upya.